Tarehe ya Ukurasa wa 214

Mtu yule alifika Jumapili asubuhi, Nadine Tolliver akiwa bado ana taulo kichwani. Hakupiga simu kabla. Aliegesha gari lake kuukuu, lenye matope mpaka madirishani, mbele ya nyumba, akakaa ndani karibu nusu saa akiutazama mlango. Gus, mume wa Nadine, alikuwa uani akikusanya majani makavu kwa reki. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akaenda kugonga kioo na kuuliza kama bwana amepotea njia. Mtu yule akajibu kwamba hajapotea, anamtafuta mwandishi, kisha akainua kitabu kilichokuwa kwenye kiti cha pembeni ili Gus akione.

Mwandishi wa habari za Ikulu hapungukiwi na wageni wa namna hiyo. Huja wenye siri, huja wenye wazimu, huja wenye hasira na rais aliyeondoka zamani. Nadine alikuwa amemwonya mumewe mara nyingi asimkaribishe mtu yeyote mwenye kitabu chake mkononi. Lakini Gus alifundisha historia sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, na hakujua kumfukuza mtu aliyeshika kitabu. Nadine aliposhuka ngazi alimkuta mgeni jikoni, kofia magotini, mbele yake sahani ya mayai na mkate wa kubanika.

Akamvuta mumewe hadi ukumbini.

"Gus, tulikubalianaje?"

"Katoka Carrow, mke wangu. Mwendo wa saa saba. Ulitaka nimrudishe na njaa?"

Kusikia jina hilo, Nadine aliishika nguzo ya ngazi. Alitamani kupanda tena juu na kujifanya mgonjwa. Badala yake alilivua taulo, akazipitisha nywele zake mbichi nyuma ya masikio, akaingia jikoni.

Mgeni alisimama. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mikono mikubwa, shati limepigwa pasi kwa juhudi kuliko kwa ustadi. Alijitambulisha kuwa ni Roland Sipes, dereva wa basi la shule. Aliomba radhi kwa kuja siku ya mapumziko, akasema siku za kazi ana watoto wa kupeleka. Kisha akakifungua kitabu palipokunjwa, ukurasa wa 214, akakigeuza kumwelekea Nadine na kuweka kidole chini ya mstari mmoja.

Nadine hakuhitaji kuusoma. Hicho kilikuwa kitabu chake cha nne, kuhusu mwaka wa mwisho wa Rais Garrick Stroud, na kilikuwa na wiki tatu tu madukani. Mstari huo ndio ulionukuliwa kila mahali: *Mapema mwaka huo, Rais aliniambia kwamba ripoti ya wahandisi iko mezani kwake, na kwamba ukuta wa bwawa la Carrow usingezihimili mvua. Alikuwa hajaamua la kufanya.*

Bwawa la Carrow lilipasuka tarehe 2 Aprili mwaka uliotangulia, saa kumi na mbili asubuhi. Mto Tansy uliingia mjini watu wakiwa bado wanachemsha kahawa. Walikufa tisa.

"Mapema lini?" Sipes aliuliza.

Nadine alisema ni mazungumzo ya muda mrefu, kwamba alimhoji Rais mara nyingi kwa ajili ya kitabu kile, kwamba tarehe zilikuwa kwenye madaftari. Alijisikia akisema hayo kwa sauti ya upole, sauti ileile ambayo wasemaji wa Ikulu walikuwa wakimjibia yeye alipowabana na maswali. Aliyajua majibu hayo. Kwa miaka arobaini aliyaita kwa jina lake halisi, ukwepaji.

Sipes hakukasirika. Alieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Familia za waliokufa ziliambiwa kwamba ripoti ilimfikia Rais wiki ileile ya mafuriko, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kuwahamisha watu. Walikubali. Walizika watu wao wakiamini hivyo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi familia hizo tisa hukutana katika jengo la zimamoto, hunywa kahawa, husomeana barua za wanasheria. Sasa binti mmoja alikuja na kitabu, akawasomea ukurasa ule, na tangu siku hiyo wanagombana. Wengine wanasema "mapema mwaka huo" ni siku mbili tatu kabla ya mafuriko. Wengine wanasema ni miezi.

"Dada yake Corinne alitualika Pasaka, twende tukakae kwake wiki nzima," alisema. "Corinne ni mke wangu. Mimi nikasema tungoje mpaka kiangazi, shule zikifungwa. Sasa ninachotaka kujua ni kitu kimoja tu. Siku nilipokuwa nasema tungoje, kulikuwa na mtu anayejua?"

Gus alizima jiko.

"Na wewe tumewahi kuonana, Bi Tolliver," Sipes aliendelea. "Hunikumbuki, na si kosa. Ulikuja na ndege ya Rais, siku ile alipotutembelea kwenye ukumbi wa shule. Uliniuliza jina la mke wangu, ukanitajia herufi moja moja ili usilikosee. Nikamwambia kaka yangu, huyu mama ni mtu makini."

Nadine alimkumbuka sasa. Si sura, ila lile jina: Corinne Sipes, n mbili. Aliliandika sawasawa. Habari aliyoituma siku ile, ya Rais akilia mbele ya vitanda vya turubai, ilisifiwa na wenzake wote, na alipokuwa akiiandika kwenye kiti cha nyuma cha ndege alikuwa anajua kinachojulikana na Rais, naye Rais, kule mbele, alikuwa anajua kwamba yeye anajua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yeye ndiye alikuwa kata, na alikaa kimya.

"Niandikie tarehe tu," Sipes alisema, akamsogezea kitabu na kalamu. "Hapo pembeni ya mstari. Sitaki maelezo."

Tarehe Nadine aliijua kama anavyoijua siku ya kuzaliwa kwake. Lakini alisema lazima ahakikishe kwanza kwenye daftari, asije akaandika kosa. Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, angekuwa akitia sahihi vitabu katika duka moja la vitabu mtaani. Sipes akiweza kuja, atamwandikia pale.

"Utaniandikia?"

"Nitakuandikia. Nakuahidi."

Sipes aliitikia kwa kichwa. Jumamosi ilimfaa, alisema, maana Jumapili yake ndiyo ya mkutano. Aliosha sahani yake mwenyewe, akamshukuru Gus kwa mayai, akaondoka. Nadine alisimama dirishani mpaka gari lilipokata kona, na jambo la kwanza lililomjia moyoni, nalo likamtia aibu, ni kwamba mwendo wa saa saba ni mbali, huenda asirudi.

Katika nyumba yao kulikuwa na msemo. Nadine alipoanza kuandika kitabu chake cha kwanza, miaka kumi na minane nyuma, Gus alikuwa akimuuliza wakati wa chakula kuna jipya gani Ikulu, na Nadine, akiwa na jambo asiloweza kulisema, alijibu, "Ya kitabu." Gus hakuendelea. Ikawa mzaha wao. Gus akificha zawadi ya Krismasi, ya kitabu. Akigonga gari, ya kitabu. Na huko kazini vilevile, marais na mawaziri wao walikuja kulipenda neno hilo. Walikuwa wakimweleza mambo mazito kwa moyo mkunjufu kwa sababu walijua hayatatoka kesho gazetini. Yatatoka baadaye, uchaguzi ukishapita na kelele zikishatulia, yakiwa yamefungwa kwenye jalada gumu. Wenzake wote wenye mikataba ya vitabu waliishi hivyo. Hakuna aliyeona ajabu.

Hakuanza hivyo. Alipokuwa na miaka ishirini na sita, kijana wa shirika dogo la habari aliyepandishwa basi la kampeni kwa sababu mwenye nafasi aliugua, alimsikia msaidizi wa mgombea akikiri kwamba bosi wake anajitoa. Nadine aliruka kutoka kwenye basi likiwa bado linapunguza mwendo, akakimbia hadi kituo cha mafuta, akamsukuma muuzaji kando na kuwasomea wahariri habari yake kwa simu ya kituo. Dakika tisa. Tangu alipolisikia neno mpaka nchi nzima ilipolisikia, dakika tisa. Alilipenda jambo hilo hata akawa akiwasimulia wanafunzi wa uandishi kila mwaka. Habari, aliwaambia, si mali yako, umebeba tu.

Ya Carrow aliibeba miezi kumi na tisa.

Jumatatu alishuka chini ya nyumba, kwenye makasha. Gus alimfuata bila kuambiwa, akaketi juu ya kasha la mapambo ya Krismasi. Daftari lilikuwa palepale alipolijua, na ndani yake, kwa mwandiko wake: *11 Machi, saa nne asubuhi, ofisini kwake.* Siku ishirini na mbili kabla.

Kinasa sauti nacho kilikuwepo. Nadine hakuwa amekisikiliza tangu aandike sura ile. Alikumbuka vizuri sana, alimwambia Gus, jinsi Rais alivyomwekea sharti: nakwambia hili, lakini ni la kitabu. Ndiyo sababu hakuweza kusema. Mwandishi akishatoa neno lake hawezi kulivunja, akilivunja hakuna atakayemwambia kitu tena. Gus alisema basi tusikie.

Sauti ya Stroud ilitoka nzito, yenye uchovu. Aliieleza ripoti ile. Akasema watu wakijua sasa hivi patakuwa na fujo, mji mzima utahamishwa, na uchaguzi uko mlangoni. Kisha akasema, "Na wasipojua... Sijui, Nadine. Kwa kweli sijui nifanye nini na hili." Kukawa kimya. Kimya kirefu, saa ya mezani ikisikika ndani yake. Hapo Nadine, chini ya nyumba yake, alingoja kulisikia lile sharti.

Sauti iliyofuata ilikuwa yake mwenyewe. Nyepesi, ya uchangamfu, sauti ya mtu anayemfungulia mzee mlango.

"Tuiweke ya kitabu, Mheshimiwa?"

Stroud akashusha pumzi. Ilisikika, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, ya kitabu."

Nadine alikizima. Akakirudisha nyuma, akasikiliza tena, kama mtu anayetumaini kwamba mara ya pili mambo yatakwenda vingine. Rais alikuwa kama mtu aliyesimama kizingitini na jambo lililomlemea, akitafuta pa kulitua. Pengine angeamua vizuri, pengine vibaya, hilo halitajulikana. Lakini aliulizwa swali moja tu asubuhi ile, na swali hilo lilimfundisha kwamba hakuna haraka.

Gus alikuwa akiokota nyuzi za mapambo kwenye suruali yake.

"Siku ile nilikuuliza," alisema hatimaye. "Ulirudi, nikakuuliza kuna jipya gani. Ukaniambia ya kitabu, tukacheka."

Akapanda ngazi. Hakumnunia, jioni alipika supu kama kawaida, akamwekea bakuli mbele yake. Ila hakumuuliza siku yake imekwendaje, na Nadine alitambua kwamba ni mara ya kwanza katika ndoa yao.

Phoebe Aldous, mhariri wa vitabu vyake vyote vinne, alipiga simu Jumatano akiwa amejaa furaha. Kitabu kinachapishwa mara ya tatu. Kimeingia kwenye orodha fupi ya tuzo ambayo Nadine hajawahi kuikaribia. Nadine akamsimulia habari za Sipes na ahadi yake. Phoebe akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kukanyaga.

"Mpenzi, sikiliza. 'Mapema mwaka huo' si uongo. Machi ni mapema."

"Ni mimi niliyeifuta tarehe, Phoebe. Kwenye rasimu ya kwanza ilikuwepo."

"Najua. Niliona. Sikuuliza, kwa heshima yako." Akashusha sauti. "Ukimwandikia yule bwana, kesho iko kwenye kila simu nchini. Wataacha kumuuliza Stroud alijua lini, watakuuliza wewe. Wenzako wale wale. Tuzo kwaheri, kitabu cha tano kwaheri, kiti chako pale Ikulu sijui. Kwa tarehe moja. Nani amewahi kununua kitabu kwa sababu ya tarehe?"

"Yeye," Nadine alisema.

Phoebe akamshauri wangoje angalau tuzo ipite, Novemba. Baada ya hapo ataandika makala nzuri, ndefu, ya kujieleza mwenyewe, kwa maneno yake, kwa wakati wake. Lilikuwa shauri zuri. Nadine alilala nalo siku mbili. Lilikuwa zuri kiasi kwamba ilimchukua hadi Ijumaa kugundua alikwisha kulisikia mahali: kila kitu kwa wakati wake, kwenye jalada gumu.

Jumamosi duka lilijaa. Walikuja majirani, wanafunzi wake wa zamani, na waandishi wawili watatu wa Ikulu waliomtania kutoka mlangoni, wakimwita Mama Rais na kumuuliza kama akipata tuzo bado atakubali kuazimana nao chaja. Phoebe alikuja kwa treni ya asubuhi, akasimama nyuma ya meza akiwafungulia watu ukurasa wa kutia sahihi. Gus alikaa pembeni, kwenye rafu za vitabu vya mapishi. Alimtazama Nadine mara moja tu, akatazama mlango.

Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Nadine alitia sahihi, akauliza majina, akayataja herufi kwa herufi. Kila mlango ulipofunguliwa kalamu ilisita. Alipoona saa kumi imegonga na hajatokea alihisi nafuu ikimpanda mwilini kama joto la chai, na aliichukia nafuu hiyo, na haikwenda.

Saa kumi na dakika kumi Roland Sipes aliingia, kofia mkononi, akapanga foleni nyuma ya watu wote. Alipofika mezani aliomba radhi: kulikuwa na ajali barabarani, magari yalisimama. Akakiweka kitabu mezani, kimefunguliwa ukurasa wa 214.

Phoebe aliukunja uso, akamgusa Nadine begani. Mguso mwepesi, wa rafiki. Waandishi wale wawili walikuwa bado wamesimama karibu, wakila biskuti za duka.

Nadine alijaribu kukumbuka jambo lolote la busara la kumwambia mtu huyu. La kuvunda halina ubani. Aliinamisha kichwa, na pembeni ya mstari, kwa mwandiko wake mdogo wa daftari, akaandika: *11 Machi, saa nne asubuhi. Siku 22 kabla.* Akatua. Ahadi ilikuwa imekwisha hapo. Tarehe tu, Sipes alisema. Nadine aliteremsha kalamu chini ya mstari na kuandika tena, polepole: *Alisita. Mimi ndiye niliyemwambia tuiweke ya kitabu.*

Akakigeuza kitabu.

Sipes alisoma midomo ikitikisika kidogo. Alisoma mara mbili. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulikwenda kushika ukingo wa meza, kama abiria aliyesimama basi linapofunga breki.

"Siku ishirini na mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Pasaka ilikuwa katikati."

"Ndiyo, bwana Sipes."

Nadine alikuwa anangoja akemewe, na angeshukuru. Sipes hakumkemea wala hakumfariji. Alipuliza wino ukauke. Akauliza kama anaruhusiwa kuwaonyesha wenzake kesho katika jengo la zimamoto, na kama mmoja wao akiupiga picha ukurasa itakuwaje. Nadine alisema kitabu ni chake, afanye atakavyo. Mmoja wa waandishi alikuwa ameacha kutafuna.

Sipes akakifunga, akageuka, akapiga hatua mbili. Halafu akarudi.

"Samahani," alisema. "Hujatia sahihi. Watasema ni mwandiko wa mtu yeyote tu."

Phoebe alivuta pumzi ili aseme kitu. Nadine alikwisha kuinyoosha mikono yake yote miwili kukipokea kitabu. Akakifungua, akapata mahali pale, na chini ya maneno yale akaandika jina lake lote, lile la kwenye jalada, akilitamka kwa sauti ndogo herufi kwa herufi ili asilikosee.